Marehemu Yuko Njiani

Jumatatu, 8 Julai 1974

Baridi kali. Shefu Ngosa ametuita wote saa mbili asubuhi. Amesema Kinshasa wameamua: biro yetu, ofisi ya usalama hapa Lubumbashi, itafungua sehemu mpya, Sehemu ya Habari za Wazi. Kazi yake ni kusoma magazeti, kusikiliza redio, kutembea sokoni, na kuchuma humo habari za kuisaidia serikali. Nikacheka. Shefu hakucheka. Nikageuza kicheko kikohozi.

Halafu akasema sehemu itakuwa na mkuu. Mkuu atapata chumba chenye mlango, na simu. Kikohozi kikapona palepale.

Miaka kumi na moja meza yangu iko koridoni, kati ya kabati la mafaili na choo. Kila anayekwenda choo ananipa mkono. Anayetoka pia. Chumba kile ni haki yangu!

Shefu atachagua Jumatatu ya tarehe 22. Kila mmoja aonyeshe anachoweza. Aliposema hivyo, watu wote wakamgeukia Mwenze. Hata mimi nikamgeukia, shingo ilinisaliti.

Mwenze! Zamani akiitwa Stanislas. Sasa majina ya ubatizo yamekatazwa, ni sitwayeni Mwenze, kama sisi sote tulivyo masitwayeni, yaani raia. Mtoto wa mfanyakazi wa reli, ametoka kaskazini. Ana mkasi na chupa ya gundi. Anakata magazeti kutwa. Mwezi wa tano aliandika kwamba unga utapungua mjini. Wiki tatu baadaye ukapungua. Kinshasa wakaleta barua ya pongezi. Alijuaje? Alinunua bitumbula sokoni, na vile vitumbua vilikuwa vimefungwa katika kipande cha gazeti la Zambia, na gazeti likasema vinu vya Ndola, unakotoka unga wetu, vimefungwa kwa matengenezo. Basi! Mtu anakula, anapanguza mafuta, anasifiwa.

Mimi nasema: habari ya kweli ni ile inayonong'onwa. Kilichochapwa gazetini si siri, ni gazeti.

Jumanne, 9 Julai

Nimevaa miwani myeusi, nimekwenda Kamalondo kuonana na mtu wangu wa siri. Anaitwa Chomba. Zamani alikuwa forodhani Kasumbalesa, mpakani. Ananywa chupa mbili kabla ya kufungua mdomo, na hiyo ndiyo alama ya mtu anayejua mengi.

Leo amenong'ona robo saa nzima. Habari za malori, za tani za shaba, za mjumbe aliyefika kutoka Lusaka. Mwisho akaangalia huku na huku, akaniambia: "Patron, tena kinga makumi sita banafikisha mu mugini. Nyeusi. Usiambie mutu."

Kinga ni baiskeli. Lakini nani ananong'ona habari za baiskeli? Bunduki! Bunduki sitini! Nimerudi mbio, nimepiga ripoti kwa mashini, nimegonga muhuri wa SIRI KABISA mara nne. Mwenze alikuwa anapaka gundi. Nilimhurumia.

Alhamisi, 11 Julai

Siku mbaya.

Shefu alipeleka watu wanne mahali nilipotaja, duka moja lililokuwa la Mgiriki. Walivunja kufuli la nyuma. Wakakuta baiskeli. Sitini. Nyeusi.

Haikuishia hapo. Shefu akamwita Mwenze, Mwenze akaleta gazeti la Ijumaa iliyopita, ukurasa wa tatu. Malori, tani, mjumbe wa Lusaka, vyote vimo kwa mpangilio uleule. Na chini kabisa, tangazo: baiskeli mpya zimefika, sitini, nyeusi. Chomba amenisomea gazeti! Nami nilimlipia vinywaji ili anisomee!

Shefu ameuliza kama mimi sijui kusoma mwenyewe. Koridoni wameanza kuniita Sitwayeni Kinga. Mwenze peke yake hakucheka. Alisema kila mtu anaweza kukosea. Ningemsamehe kama angecheka.

Jumamosi, 13 Julai

Leo salongo, kazi ya umma. Tumefyeka majani kando ya barabara. Mwenze alifyeka sehemu yake, akaja kunisaidia yangu. Wivu umenikaa hapa, chini ya mbavu, kama bukari ya jana, ugali uliolala. Naandika kwa sababu shajara haina mdomo: ninamwonea wivu. Hata jinsi anavyoshika panga.

Nimemchunguza wiki nzima. Kitu anachokipenda kuliko vyote ni komunike za vilio, matangazo ya vifo redioni. Kila siku saa sita anafunga mlango wa kabati ili usilie, anasikiliza nani amekufa, kilio kiko wapi, nani ametajwa. Anasema komunike ya kifo inaonyesha ukoo mzima: nani mkubwa, nani yuko mji gani, nani amegombana na nani hata jina lake likaachwa. Eti mwaka jana alijua ugomvi wa wakubwa wawili kwa komunike moja tu.

Vema. Kama anakula redioni, nitamtilia mchanga redioni.

Hii ndiyo mbinu. Redio inatangaza kifo cha mwenye malori ya samaki wakavu. Mwenze anaiandikia Kinshasa kwamba samaki watapungua Lubumbashi. Halafu marehemu anaingia bironi kwa miguu yake! Kwisha Mwenze. Kwisha magazeti. Chumba na simu vinarudi kwa mwenyewe.

Shida ni moja: napata wapi marehemu mzima, ambaye naweza kumwonyesha siku ninayotaka?

Jumapili, 14 Julai

Mungu hamtupi mja wake. Wakati wa kula Mwaba, mke wangu, amenikumbusha kwamba baba yake anakuja Jumamosi tarehe 20, na lori la samaki, kutoka Pweto.

Mzee Kalaba! Ana malori mawili. Yuko mbali. Siku ya kufika inajulikana. Ni kama ameumbwa kwa kazi hii.

Mwaba mwenyewe ameondoka leo kwenda Likasi kwa dada yake, mtoto wa mama yake mkubwa, atarudi Ijumaa. Hatajua kitu. Nilimsindikiza hadi kituoni nikiimba. Akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatatu, 15 Julai

Nimepeleka komunike redioni. Karani wa pale ni mkali. Nilidhani jina la marehemu linatosha. Hapana! Ametaka mahali pa kilio. Nikatoa nyumba yangu ya Katuba, sikuwa na nyingine. Ametaka majina ya wafiwa, pamoja na vyeo, maana komunike isiyo na vyeo watu hawaiamini.

Hapo mkono wangu ukaandika wenyewe. Nimeisoma tena hapa nyumbani, ni nzuri sana: «Sitwayeni Kapya, Mkuu wa Sehemu katika biro ya serikali, pamoja na mke wake Mwaba, anawatangazia ndugu na marafiki kifo cha baba mkwe wake Kalaba, mwenye malori huko Pweto.»

Mkuu wa Sehemu. Ni kutangulia kidogo tu, kwa siku saba.

Jumanne, 16 Julai

Saa sita kamili imesomwa. Mwenze alisimamisha mkasi hewani. Akaja mezani kwangu, akanishika mikono yote miwili, macho yamelowa: "Pole, ndugu. Mbona hukusema? Tuko pamoja." Nikainamisha kichwa ili asione furaha.

Shefu Ngosa naye alikuja. Alinipa pole, akasimama kidogo, akaniuliza ni sehemu gani hiyo ninayoiongoza. Nikalia. Ilikuwa njia pekee.

Nimerudi nyumbani saa kumi. Wanawake thelathini uani! Wamekaa chini, wamefungua nywele, wanalia. Wanaume wamewasha moto mbele ya mlango na wametoa viti vyangu vyote nje. Ni ndugu za Mzee Kalaba wa mitaa ya hapa mjini, wa Kenya, wa Ruashi, wa Kamalondo. Sikujua kwamba wapo. Nilijua redio itasikilizwa na Mwenze. Sikufikiri kwamba watu wengine pia wana redio.

Jumatano, 17 Julai

Tisini. Kilio hakifukuzwi. Unaweza kumfukuza mdai, mgeni, hata askari ukiwa na cheo, lakini watu waliokuja kukulilia mtu wako utawaambia nini? Gunia la unga limekwisha. Kuku watano wamekwisha, na wa jirani mmoja.

Saa tisa Mwaba amefika kutoka Likasi. Redio ilimsomea jina la baba yake jikoni kwa dada yake, mwiko mkononi. Amejitupa chini mlangoni kabla hajanifikia. Anamwita baba yake, anauliza kaburi liko wapi: "Tata! Tata wangu! Banakuzika fasi gani?"

Niliona aibu. Ndiyo, naandika: aibu. Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini uani kulikuwa na watu tisini, na Mwenze akiwa ndani yao, amebeba maji. Hii ni siri ya serikali. Nimemwambia tu asilie sana, mambo huenda yakabadilika. Shangazi mmoja akasema huzuni imenipanda kichwani.

Ijumaa, 19 Julai

Wamefika wa Kasomeno, kwenye barabara ya Pweto, lori zima. Sasa tuko mia mbili na zaidi. Watani wa ukoo nao wamekuja, kama desturi. Wamevaa kanzu za kike, wanaiga mwendo wa marehemu, wanamtukana kwa nini amekufa kabla ya kuwalipa samaki. Watu wanalia na kucheka pamoja. Kilio kizuri sana. Nimewahi kuona vilio vya wakubwa wa kampuni ya shaba, havikufika hapa.

Na nani nyota wa kilio changu? Mwenze! Siku tatu yuko hapa. Ameazima turubai parokiani. Amepasua kuni. Anawajua wote kwa majina, anakaa na mabibi mmoja mmoja na kuwauliza safari ilikuwaje, barabara iko namna gani, nani wamekutana naye njiani. Mabibi wanamwita mutoto muzuri. Mimi, mkwe mwenyewe, wananiita "ule", yule tu. Mwaba amesema laiti watu wote wangekuwa na moyo wa Mwenze. Amesema mbele yangu, huku akila bukari yangu!

Jioni alikwenda bironi, kuandika ripoti. Nilimwona akiondoka na nikasimama karibu na moto nikijisugua mikono. Andika, ndugu yangu. Andika samaki watapungua.

Jumamosi, 20 Julai

Nimewahi kwa Shefu Ngosa asubuhi. Nimemwomba aje Katuba saa saba, atashuhudia jambo kubwa litakaloonyesha thamani ya magazeti na redio. Amekuja. Alikuwa mtulivu kupita kiasi. Ningepaswa kuliona hilo.

Saa nane lori la samaki likasimama mbele ya nyumba. Mzee Kalaba akashuka, kofia kichwani, fimbo mkononi. Akaona turubai, moto, na umati. Akavua kofia kwa heshima, akaketi kwenye kiti cha kwanza, akaanza kulia pamoja na wengine. Baada ya muda akamgusa mwanamke aliye karibu, akamwuliza: "Njo nani alikufa?"

Mwanamke akamtazama. Akasema: "Shi njo weye, tata." Kisha akazimia.

Sijaona uwanja unaokimbia hivyo! Mabibi waliruka ua. Mtani mmoja, bado amevaa kanzu, alipanda juu ya paa la choo. Mwaba peke yake alikimbia kwenda mbele, akamkumbatia baba yake akimpapasa uso, mabega, masikio. Walipoona ni nyama na mifupa, watu wakarudi mmoja mmoja. Nami nikasimama juu ya benchi. Nikatangaza kwa sauti kubwa: Shefu, tazama! Mtu huyu Mwenze amewaandikia Kinshasa kwamba amekufa!

Shefu akatoa karatasi mfukoni. Akasema ni ripoti ya Mwenze ya jana jioni, akaisoma mbele ya ukoo wote.

Naiandika hapa kama ninavyoikumbuka, kwa uchungu. Komunike ni ya uongo. Kwanza, imemtanguliza mkwe, na watu wa upande wa Pweto huanza na wapwa wa marehemu, mkwe huja mwisho kama anatajwa. Pili, mkwe ametamka jina la baba mkwe, jambo ambalo mkwe halifanyi, hata kilioni mkwe hulikwepa jina hilo. Tatu, inataja Mkuu wa Sehemu, na cheo hicho hakina mtu bado. Nne, bibi mmoja aliyekuja na lori la Kasomeno alimwona marehemu kule Alhamisi, akibadilisha tairi. Bibi alidhani ni kivuli cha mfu, akaogopa kusema. Mwenze alimwuliza kivuli kilibadilisha tairi la mbele au la nyuma. La nyuma. Mstari wa mwisho: «Marehemu yuko njiani. Atafika Jumamosi mchana. Samaki hawatapungua.»

Watu mia mbili wakanigeukia. Hawakuhitaji Shefu aeleze zaidi.

Mzee Kalaba alikuja polepole hadi kwenye benchi. Hakunipiga. Alisema tu: "We unanitaja jina ku redio? Mi, buko wako?" Buko ni mkwe. Kufa, anasema, angenisamehe. Kumtaja, hapana. Nimetozwa mbuzi mmoja na majogoo wawili weupe, na nisimkaribie hadi wafike. Mwaba amefungasha mkeka wake, analala chumba cha shangazi. Ningependa anitukane.

Jumatatu, 22 Julai

Mwenze amepata chumba. Mlango. Simu. Simu imelia mara mbili kabla ya saa nne!

Ripoti yake ya kilio imepelekwa Kinshasa iwe mfano kwa biro zote za nchi: namna ya kujua ukweli bila kumpeleleza mtu, kwa kusikiliza tu kile kinachosemwa mbele ya watu wote. Shefu Ngosa amesema aliyeandika komunike pia amechangia, bila akili.

Alitaka kunifukuza. Mwenze amekataa. Amesema anaomba nibaki, katika sehemu yake, chini yake. Eti nina ubunifu. Mtu akikuchukia unajua pa kusimama. Huyu ananiokoa, halafu ananiuliza kama nimekula.

Meza yangu imebaki koridoni. Wameigeuza tu, sasa inatazama mlango wake. Kazi yangu mpya: kila siku saa sita nisikilize komunike za vifo na kuziandika zote, majina na vyeo, bila kuongeza kitu.

Jumatano, 24 Julai

Mbuzi amepelekwa. Jogoo mmoja bado. Mzee Kalaba amekwenda sokoni kuuza samaki, na mji mzima unakwenda kununua kwake ili kumgusa. Lori limekwisha siku moja. Mwaba amerudi chumbani, lakini anazungumza na ukuta.

Leo nimeandika komunike tisa. Wengine wana mistari miwili tu. Nimekaa nikifikiri. Mia mbili na kumi na wanne! Nilihesabu mwenyewe siku ya Ijumaa. Mia mbili na kumi na wanne walimlilia mzee wa samaki, na hakuwa hata amekufa. Walimlilia kwa moyo. Mwenze mwenyewe alitokwa na machozi siku ya kwanza, niliyaona. Na kwa nini yeye? Ana nini mzee yule?

Mimi nikifa nitaliliwa na wangapi? Mwaba angeongea nami siku hiyo. Mwenze angejuta. Shefu angesimama mbele ya watu na kutaja kazi yangu ya miaka kumi na moja.

Nimepitia mbinu yangu yote tangu mwanzo, kwa haki kabisa. Haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa moja tu: nilichagua marehemu aliye safarini, ambaye sikuweza kumwongoza. Anahitajika marehemu wa karibu, mwenye nidhamu, anayejua saa ya kutokea.

Komunike iko tayari. Safari hii wapwa wametangulia, kama inavyotakiwa, na hakuna jina la mkwe popote. Mwenze hatakuwa na pa kushika. Inaanza hivi: «Wapwa wa marehemu wanawatangazia kifo cha sitwayeni Kapya, Mkuu wa Sehemu.» Nani atabisha cheo cha marehemu?

Kesho saa nne naipeleka redioni mwenyewe. Mwaba nitamwambia baadaye.